Chaimu kwanza, Mzima mwisho: tathmini ya njia ya volkano Tsavo Magharibi

Wageni wengi wanaoingia Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi, Kenya, wakiwa na hamu ya volkano hupelekwa kwanza Chemchemi za Mzima kuwatazama viboko. Baadaye hupitishwa kwenye lava ya Shetani, wakapiga picha mbili juu ya mawe meusi, na kasoko ya Chaimu (shimo la mdomo wa volkano) ikaachwa kwa sababu jua limeshakuwa kali na hakuna anayetaka kupanda kilima. Kwa aliyekuja kuona wanyama, mpangilio huo hauna ubaya. Kwa aliyekuja kuelewa ardhi inavyojengwa, umegeuzwa juu chini. Sehemu hizi tatu ni kitu kimoja: koni (kilima kilichojengwa na kokoto za volkano), lava iliyomwagika, na maji yanayopita ndani ya vyote viwili. Anza na koni. Ukianza na maji, utaona bwawa zuri na hutajua limetoka wapi.

Tathmini hii inahusu ziara ya siku moja ya sehemu hizo tatu, pamoja na mapango ya Shetani, kwa gari binafsi au la kukodi, ukiingilia Lango la Mtito Andei au Lango la Chyulu. Kwa jumla tunaipa alama 4 kati ya 5. Hapa msafiri wa kawaida, asiye na kamba wala mafunzo, anaweza kushika volkano changa kwa mkono wake saa mbili za asubuhi na kusimama kando ya maji yake saa tisa alasiri. Alama moja inapotea kwa ajili ya jua, umbali wa barabara za ndani, na ukweli kwamba bila maelezo ya kutosha mtu anaweza kuzunguka siku nzima akidhani ameona mawe tu.

Basi maelezo yenyewe ni haya. Vilima vya Chyulu, ambavyo Chaimu na Shetani ni sehemu ya volkano zake, viko kusini-mashariki mwa Kenya, kama kilomita 150 mashariki ya Bonde la Ufa, vimejipanga kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki kwa urefu wa karibu kilomita 100. Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa, kwa barabara au kwa treni ya SGR, ukifika maeneo ya Makindu na Kibwezi tazama kulia: ule mstari wa vichuguu vya kijani, kimoja nyuma ya kingine, ndio wenyewe. Kilele chake kina mita 2,188. Lakini hesabu ya maana hapa si kimo, ni idadi: kuna koni mia kadhaa. Kila kimoja kati ya vile vichuguu kilikuwa volkano.

Watu huuliza kwa nini Kilimanjaro, ambao siku ya hewa safi unaonekana vizuri kutoka huku, ukawa mlima mmoja mkubwa, na Chyulu ikawa mamia ya vilima vidogo. Jibu liko chini sana. Mlima mkubwa una njia chache kuu za magma, yaani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, zinazotumika tena na tena kwa mamia ya maelfu ya miaka, lava ikilala juu ya lava. Chyulu magma ilipanda kidogo kidogo, kila mara ikipitia ufa mpya, bila kukusanyika kwenye chumba kikubwa karibu na uso wa ardhi. Ufa ukifunguka, volkano inawaka kwa siku, wiki, pengine miaka michache, kisha magma iliyobaki njiani inapoa na kuziba mlango. Safari ijayo magma itatafuta pengine pa kutokea. Ndiyo maana koni ya aina hii kwa kawaida hulipuka msimu mmoja tu katika uhai wake wote. Parícutin ya Mexico, iliyoanza 1943 katikati ya shamba la mahindi, ilipanda zaidi ya mita 300 katika mwaka wake wa kwanza, ikazima 1952, na haijawaka tena.

Hapo ndipo baadhi ya waongozaji hukosea. Utasikia mmoja akisema Chaimu "imelala na itaamka", na mwingine akisema volkano hizi "zimekufa kabisa." Koni ya Chaimu yenyewe haina sababu ya kuamka. Uwanja mzima wa Chyulu, kwa upande mwingine, haujafa. Ulianza kuwaka upande wa kaskazini kama miaka milioni 1.4 iliyopita, shughuli ikasogea kuelekea kusini, na milipuko ya mwisho, ya Chaimu na Shetani, inahesabiwa kuwa ya katikati ya karne ya 19. Mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1855. Kwa hesabu ya mawe hiyo ni jana. Koni nyingine ikija, itakuja pahali pasipo na koni leo.

Sasa Chaimu. Iko kusini-mashariki ya loji ya Kilaguni, na ukiiona kwa mbali utaitambua kwa rangi: nyeusi kama rundo la makaa katikati ya nyasi na michongoma. Hii ndiyo sehemu bora ya safari nzima, 5 kati ya 5, na ndiyo inayostahili saa zako za asubuhi. Fika kabla ya saa tatu. Kupanda huchukua dakika 15 hadi 30 kulingana na magoti yako, lakini usiende kwa haraka, kwa kuwa darasa lote liko miguuni.

Kabla hujapanda hatua ya kwanza, inama uokote jiwe moja lenye ukubwa wa yai. Hiyo ni skoria. Utashangaa wepesi wake. Lizungushe: limejaa matundu, makubwa na madogo, mengine ya mviringo, mengine yamevutwa yakawa marefu. Kila tundu lilikuwa povu la gesi, hasa mvuke wa maji na kaboni dioksidi, lililonaswa jiwe lilipoganda. Magma ya namna hii hutoka ikiwa na joto la takriban nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi. Inapokaribia uso wa ardhi, shinikizo linapungua, gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani yake inatoka kwa nguvu na kuirarua magma vipande vipande. Anayepika uji mzito anaujua mwendo huo: povu linapanda kutoka chini, linapasuka juu, na vitone vinaruka nje ya sufuria. Chaimu ni vitone hivyo vilivyoganda vikiwa hewani na kuanguka kuzunguka mdomo wa sufuria.

Ukiwa na lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, itoe sasa. Kwenye kuta za matundu kuna ngozi nyembamba inayong'aa; hiyo ni kioo cha volkano, magma iliyopoa haraka mno hata chembe zake hazikupata muda wa kujipanga kuwa fuwele. Tafuta nukta za kijani cha chupa: hayo ni madini ya olivini. Nukta nyeusi zenye nyuso bapa ni piroksini. Hizo mbili ziliganda mapema, magma ikiwa bado chini, zikapandishwa nayo kama kokwa ndani ya maji ya ukwaju. Katika baadhi ya mawe ya Chyulu kuna hata vipande vizima vya miamba ya kijani vilivyong'olewa kwenye tabaka lililo chini ya ganda la dunia na kupandishwa juu. Vipande hivyo ndivyo vilivyowafanya wataalamu wa miamba kuijua Chyulu, kwani vinaonyesha kitu ambacho hakuna mtambo wa kuchimba uliokifikia. Kipande kizito kama hicho kingezama na kubaki chini kama magma ingepanda polepole. Kwa hiyo kokoto ya kijani ndani ya jiwe jeusi inakuambia kwamba magma ile ilikuja mbio. Tazama, piga picha, rudisha jiwe pale pale. Kuondoka na mawe ndani ya hifadhi hairuhusiwi.

Panda sasa. Utajikuta unapiga hatua mbili na kurudi nyuma moja. Hilo si kosa la viatu. Kokoto zilizoanguka kavu hujilundika mpaka zifikie mteremko wake wa mwisho, karibu nyuzi 30 hadi 35, na zaidi ya hapo huporomoka zenyewe. Mimina mahindi makavu kutoka kwenye gunia sakafuni, utapata koni ile ile yenye mteremko wake maalumu. Koni changa kama Chaimu bado iko karibu na mpaka huo, ndiyo maana inateleza. Koni za zamani zaidi za Chyulu zimelainika: mvua na majani vimepunguza mteremko, kasoko zimejaa udongo, na mifereji imechongwa ubavuni. Ukishaizoea tofauti hiyo, unaweza kukaa juu ya Chaimu, ukatazama vilima vya mbali na kuvipanga kwa umri kwa macho tu. Chenye ncha kali na rangi nyeusi ni kijana. Chenye umbo la bakuli lililofunikwa, chenye nyasi hadi juu, ni mzee.

Ukikaribia ukingo, angalia rangi ikibadilika. Sehemu nyingine ni nyekundu kama tofali au kama kutu, na kwa kweli ni kutu. Karibu na mdomo wa volkano, kokoto zilikaa muda mrefu kwenye mvuke na hewa ya moto, chuma kilichomo ndani yake kikaoza. Zilizorushwa mbali zilipoa haraka zikabaki nyeusi. Wekundu kwa hiyo ni ramani: unakuonyesha moto ulikokuwa.

Tafuta pia mabomu. Wanajiolojia huita bomu kipande chochote kilichorushwa kikiwa laini na chenye upana unaozidi milimita 64. Kuanzia milimita 2 hadi 64 ni lapili, na chini ya milimita 2 ni majivu. Bomu zuri lina umbo la muhogo, limenenepa katikati na kuchongoka ncha mbili kwa kuzunguka hewani. Jingine limetandazika kama kinyesi cha ng'ombe kwa sababu lilianguka kabla ya kuganda. Ukipata lililopasuka, tazama ndani: matundu ya katikati ni makubwa, ya pembeni ni madogo. Pembeni paliganda kwanza na kuyazuia mapovu. Katikati paliendelea kuvimba.

Kinachoharibika Chaimu ni mambo mawili. La kwanza ni watu kushuka kwa kukimbia, nje ya njia. Kokoto zinaserereka nao, mfereji unafunguka, mvua inayofuata inauchimba, na jeraha la siku moja linaonekana kwa miaka. Shuka ulikopandia, kwa upande, ukikanyaga kisigino kwanza. La pili ni kushuka ndani ya kasoko. Usifanye hivyo. Ukuta wa ndani ni mkali kuliko wa nje na kokoto zake hazijashikana. Kushuka ni rahisi, kupanda ndiko kunakovunja watu moyo, na anayeporomosha mawe hajui nani yuko chini yake.

Kutoka Chaimu elekea magharibi hadi Shetani, karibu na Lango la Chyulu. Hii ndiyo inayosifiwa kwenye matangazo, na inastahili sifa, ila tunaipa 4. Mtiririko huu wa lava una urefu wa takriban kilomita 8, upana wa kilomita 1.6 hivi, na unene wa kama mita 5. Barabara ya kuelekea Amboseli inaukata. Wenyeji husimulia kwamba waliouona moto ule ukitembea ardhini usiku waliamini ni shetani ametoka chini ya ardhi, na jina likabaki. Ukisimama katikati yake utaelewa. Hakuna njia, hakuna udongo, ni mawe meusi yenye meno kila upande, na joto linakupanda kutoka chini kama umesimama juu ya bati.

Swali la kwanza la mgeni huwa: kama koni ndiyo volkano, mbona lava haikutoka juu ya koni? Jibu ni uzito. Lava iliyokwisha kupoteza gesi yake ni nzito kuliko rundo la kokoto zenye matundu. Haina haja ya kupanda mpaka ukingoni. Inasukuma chini, inavunja ukuta kwenye kitako cha koni na kumwagika. Mara nyingine hubeba kipande cha ukuta, koni ikabaki na umbo la kwato ya farasi. Ukiona kilima cha Chyulu kilichofunguka upande mmoja, fuata upande huo kwa macho na utaikuta lava yake.

Lava yenyewe ni ya aina ambayo wanajiolojia, kwa neno la Hawaii, huiita aa. Inapotiririka, ganda la juu linapoa na kuvunjika, vipande vinabebwa mgongoni, vinafika mbele, vinaanguka, na mtiririko unavipanda na kuendelea, kama mnyororo wa tingatinga. Kwa hiyo ukikatwa kwa kisu ungekuta tabaka tatu: kifusi juu, jiwe gumu katikati, kifusi tena chini. Usiamini tu, nenda kwenye ukingo wa mtiririko, mahali ukuta ulipo wazi, utaona tabaka hizo. Hapo pia shika jiwe la katikati na ulilinganishe na skoria uliyoiona Chaimu. Ni magma ya ukoo mmoja, lakini hili ni zito, lina matundu machache, kwa kuwa gesi ilishatoka. Wasomaji wa Goma, mashariki mwa Kongo, hawahitaji kuelezwa zaidi: lava ya Nyiragongo ya 2002 iliyopita katikati ya mji leo ni mawe ya kuta na nyua za nyumba zao.

Kitu kingine cha kutazama kwa karibu ni maisha yanayorudi. Juu ya mawe kuna madoa ya kijivu na ya njano kama rangi iliyomwagika. Hizo ni kuvumwani (kuvu na mwani vinavyoishi pamoja). Zinakula jiwe taratibu kwa asidi, vumbi linanasa, mbegu ya jimbi au nyasi inapata mahali pa kushika. Katika nyufa, ambako unyevu unakaa, vichaka vimeshaota. Kila mguu unaokanyaga madoa yale unafuta kazi ya miongo kadhaa, basi kanyaga jiwe tupu.

Kasoro ya Shetani ni kwamba inaumiza. Mawe mengi hayajakaa sawa, yanacheza chini ya mguu, na kingo zake ni kioo. Anayeanguka huweka mikono mbele, na viganja ndivyo huchanika. Vaa glavu za kazi za ngozi, hata kama wenzako wanaziona za ajabu. Gonga mbele kwa fimbo kabla ya kukanyaga sehemu bapa. Ikilia kama debe tupu, ni ganda juu ya uwazi, zunguka. Usiingize mkono kwenye ufa usiouona mwisho wake, kwani nyoka hupenda vivuli hivyo. Jeraha likipatikana, lioshe kwa maji mengi kabla ya kufunga bandeji, maana chembe za kioo zikibaki ndani kidonda hakitapona vizuri. Usitegemee dira iliyowekwa juu ya jiwe: basalti, yaani jiwe hili la lava, ina madini ya sumaku na inaweza kupotosha mshale. Inyanyue hadi kifuani ndipo usome. Mita 200 kuingia ndani ya lava zinatosha kuona kila kitu kinachofaa kuonwa. Waliokwenda mbali zaidi walirudi na viatu vilivyochanika na hawakuona kipya.

Mapango ya Shetani yako jirani. Haya tunayapa 3, si kwa ubaya, bali kwa sababu yanamfaa mtu mwenye vifaa tu. Yalijengwa hivi: lava inapotiririka kwenye mkondo, juu yake panaganda. Jiwe ni kizuizi kizuri cha joto, kwa hiyo chini ya paa hilo lava inabaki ya moto na kuendelea kukimbia. Chanzo kinapokatika, lava iliyobaki inatoka na kuacha bomba tupu. Ukimulika kuta kwa upande, si moja kwa moja, utaona mistari na vibaraza vya ulalo. Kila kimoja ni alama ya kimo cha lava ilipotulia kwa muda, kama alama za maji kwenye ukuta wa tangi. Juu huning'inia matone ya jiwe lililoyeyuka kwa joto na kuganda kabla ya kudondoka.

Chukua tochi mbili kwa kila mtu, moja ya kichwani, na kofia ngumu. Paa la bomba la lava halikushikwa na kitu. Milango mingi ya mapango haya ni paa lililoporomoka. Ingia na ranja (askari wa hifadhi), mkiwa watatu au zaidi, na mmoja abaki nje. Kabla ya kuingia chunguza alama za miguu na harufu, kwa kuwa fisi na wanyama wengine hutumia mapango kama pa kulala. Mahali penye bonde lisilo na upepo hewa inaweza kuwa mbaya. Waswahili wa Goma wana neno la hewa nzito inayoua kwenye mashimo ya volkano, mazuku, na wanalichukulia kwa uzito. Ukisikia kichwa kinagonga au pumzi inakuwa fupi bila sababu, panda juu mara moja, usisubiri kuhakikisha. Kwa wapenda mapango, Chyulu ina bomba kubwa zaidi, Leviathan, lenye njia zilizopimwa zaidi ya kilomita 11, miongoni mwa marefu duniani. Hilo si la safari ya siku moja na si la kuingia bila timu yenye uzoefu.

Sasa ndipo uende Mzima. Utakuwa umechoka, umeungua, na viatu vimejaa kokoto, na hali hiyo ndiyo inayokufanya uyathamini maji. Umetoka kwenye vilima ambavyo havina mto hata mmoja wa kudumu, ingawa mvua inanyesha na kilele kina msitu wa ukungu. Maji yalikwenda wapi? Yalizama. Skoria uliyoishika asubuhi ni chujio, na nyufa za lava uliyokanyaga mchana ni mfereji. Mvua ya Chyulu inapita humo mpaka ikutane na miamba ya kale isiyopitisha maji, naisi yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500, ambayo ndiyo sakafu ya nchi yote ya Tsavo. Maji yanateremka juu ya sakafu hiyo chini ya lava, na pale lava inapokoma, yanatokeza. Zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, safi kiasi cha kuona samaki wakipita chini ya kiboko.

Kinachotufanya tuipe Mzima 5 ni kwamba jambo hili unaliona kwa macho. Tembea hadi kwenye chanzo chenyewe, usiishie kwenye chumba cha vioo cha kutazamia samaki. Pale juu maji yanatoka chini ya mawe meusi yale yale ya lava, bila kelele, kama mtu aliyefungua bomba ndani ya ukuta. Chini ya mabwawa, kama kilomita 2 mbele, maji yanazama tena chini ya lava kabla ya kuufikia Mto Tsavo. Na si yote yanayobaki porini: tangu 1957 bomba la kilomita zaidi ya 200 linapeleka sehemu yake Mombasa. Aliyelelewa Mombasa akanywa maji ya bomba la Mzima amekunywa mvua ya Chyulu iliyochujwa na volkano. Ndiyo maana ukataji wa miti na moto kwenye vilima vile si habari ya Makueni na Kajiado pekee. Msitu ukiondoka juu, mvua itabubujika na tope badala ya kuzama taratibu, na hakuna mhandisi atakayejenga chujio la ukubwa ule.

Mzima tembea na askari wa hifadhi kila wakati. Viboko na mamba wapo, na njia zinapita kando kabisa ya maji. Chumba cha vioo hupendeza zaidi jua likiwa juu, kati ya saa sita na saa tisa, mwanga unapopenya hadi chini. Hilo linafaa kabisa na mpango wa kuja hapa mwisho.

Kuhusu maandalizi, yaliyo muhimu ni haya. Malipo ya kuingia hufanywa kwa njia ya kielektroniki kupitia eCitizen, kwa hiyo maliza kabla ya kufika langoni, kwani mtandao njiani hauna uhakika. Uliza langoni mahali unaporuhusiwa kushuka garini siku hiyo na uombe ranja wa kukusindikiza. Ndani ya Tsavo huteremki popote upendapo, nyati na simba ni wenyeji. Maji lita 3 kwa kila mtu ni kiwango cha chini, 4 kwa miezi ya joto. Viatu viwe vya ngozi, soli nene, vinavyoshika kifundo cha mguu. Raba za kitambaa hazimalizi siku. Vuta soksi ndefu juu ya pindo la suruali, kokoto hazitaingia.

Gari liwe la juu, lenye tairi nzima zisizolika pembeni, kwani lava hukata ubavu wa tairi mahali ambapo panchari haizibiki. Tairi mbili za akiba ni busara. Na jambo ambalo madereva wengi hawalifikirii mpaka wakwame: juu ya kokoto za volkano jeki huzama. Beba kibao kigumu cha sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 3 au zaidi, cha kuweka chini yake. Mwendo ndani ya hifadhi usizidi kilomita 40 kwa saa, na mpango wako wa saa uhesabiwe kwa mwendo huo.

Kwa saa, ingia lango linapofunguliwa saa 12 asubuhi. Chaimu ipe saa moja na nusu, Shetani moja na nusu, mapango dakika 45 kama una vifaa, Mzima saa moja na nusu. Zilizobaki ni za barabarani. Ukiingilia Chyulu, kwa mfano ukitoka Amboseli, kishawishi ni kuanza na Shetani iliyo karibu na lango. Kama hulali ndani ya hifadhi, vumilia hilo, Shetani ya asubuhi ni ya baridi na kivuli cha mawe kinatoa picha nzuri. Lakini Chaimu ifuate mara moja kabla ya saa nne, na Mzima ibaki mwisho vyovyote iwavyo.

Watoto kuanzia miaka minane hivi wanaiweza Chaimu na kuifurahia. Shetani, wabaki ukingoni. Mwenye matatizo ya magoti aache kupanda, atembee kitako cha koni tu. Mabomu na skoria nyekundu vimeporomoka hadi chini na atapata karibu kila tulichokieleza. Mwenye siku ya pili asiitumie kurudia njia hii. Atoke aende Hifadhi ya Taifa ya Vilima vya Chyulu yenyewe, kwa gari la magurudumu manne, apande mgongoni mwa vilima. Kule koni ni nzee, za kijani, kasoko zake zimekuwa mabakuli ya nyasi, na ukichimba udongo kwa ncha ya fimbo kiasi cha kiganja, unakutana na kokoto nyekundu yenye matundu, sawa na ile ya Chaimu.